Kitabu Kilichosema Sisi si wa Hapa

Brenda, anayekalia kiti changu sasa, ameniomba niandike namna kazi ya karani wa parokia inavyofanywa. Alitaka ukurasa mmoja. Nimemwambia ukurasa mmoja ni wa kumfundisha mtu kupiga muhuri. Kazi yenyewe ni ndefu zaidi, na kosa langu kubwa peke yake linataka kurasa kadhaa. Vyeo sitaviongelea, maana karani wa parokia ana cheo kimoja tu, nacho ni karani. Mshahara nao nauruka, kama wenyewe ulivyozoea kuturuka.

Nilikuja Nairobi kutoka Bungoma nikiwa msichana, nikakaa kwa dada yangu Kianda, kule juu Kibera. Siku ya kwanza ya kazi nilitembea hadi Kawangware kwa kupitia Dagoretti Corner, viatu mkononi, kwa sababu kulikuwa na matope na viatu vyenyewe vilikuwa vya dada. Nilipofika nilinawa miguu kwenye mfereji wa jirani, nikavaa, nikaingia kama mtu aliyeshushwa na gari.

Kanisa letu wakati huo lilikuwa kigango tu, banda la mabati lililosimama kwenye kipande cha shamba la Mzee Gathuru, mwenyeji wa Kawangware tangu enzi za mahindi na ng'ombe. Mvua ikinyesha padre alinyamaza mpaka iishe, maana hata Mungu mwenyewe asingesikia. Waumini walikuwa watu wetu wa magharibi: Waluhya, Wajaluo, Wateso wachache, mafundi wa viatu, wauza mboga, watu wa mjengo, na akina mama wanaofulia watu nguo Lavington. Ofisi ilikuwa pembe ya sakristia. Meza moja, kabati la chuma, na ndani ya kabati vitabu vitatu vizito: cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu.

Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa Mzee Barnaba, katekista, Mjaluo wa Ugenya, mrefu kiasi kwamba alisalimia mlango kwa kuinama kila alipoingia. Aliniangalia viatu kwanza, halafu uso.

"Unajua kuandika?"

"Najua, Mzee. Nimemaliza form four."

"Sijauliza umemaliza nini. Andika jina lako hapa."

Niliandika Consolata Nekesa. Aliliangalia jina kwa muda mrefu, akasema mwandiko unasomeka ila umejaa maringo, nipunguze mikia kwenye herufi. Kisha akanifundisha sheria ya kwanza, ambayo nawaachia nyinyi wote mnaoshika kalamu nyuma yangu. Kitabu cha ubatizo hakifutwi. Hakikwanguliwi kwa wembe, hakipakwi ile dawa nyeupe, na ukurasa hauchanwi. Ukikosea, kosa linakaa hapohapo mpaka siku ya kiama, nawe unaandika sahihisho pembeni, kwenye ukingo, pamoja na tarehe na jina lako. "Aibu yako nayo ni sehemu ya rekodi," aliniambia.

Jumapili hiyohiyo nilimwandika mtoto wa kwanza kitabuni. Mimi ni Mbukusu, na ulimi wetu una ugomvi wa zamani na herufi P na B, hujui lini itatoka ipi. Baba wa mtoto alikuwa Mbukusu pia. Alisema Beter, nikasikia Beter, nikaandika Beter. Mzee Barnaba alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Huyo Beter leo ni mwanamume mwenye ndevu, na kila akihitaji cheti lazima nimsomee ukingo. Ananisamehe kila mwaka, halafu anaoa au anabatiza mtoto, inabidi anisamehe upya.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye kosa lenyewe. Vitabu vile vilikuwa vimepigwa chapa zamani, na vichwa vya safu vilikuwa Kilatini. Mzee Barnaba alinitafsiria kila safu: ya kwanza namba, ya pili jina, ya tatu wazazi. Ya nne akasema, "Hii ni Kwao. Muulize mzazi, mnatoka wapi. Mkataa kwao mtumwa." Sikuona sababu ya kumbishia. Nilikuwa nimejifunza Kiswahili na hesabu. Kilatini nilikijua cha kuimba tu.

Basi nikauliza. Kila Jumapili, mwaka baada ya mwaka, watoto wanalia, wasimamizi wanatafuta mishumaa, nami nauliza, "Mnatoka wapi?" Mnajua wenyewe mtu wetu akiulizwa hivyo anajibu nini. Mtoto amezaliwa chumba cha mabati Gatina, mama yake amezaliwa Gatina, nyanya tu ndiye aliyekuja na kikapu miaka hiyo. Bado jibu ni Butere. Ni Siaya. Ni Vihiga. Hapa ni pa kazi, nyumbani ni kule. Nami nikaandika kwa wino mweusi, mwandiko unaosomeka, usio na mikia.

Kazi ilikuwa tamu. Nasema wazi, nilipenda lile kabati kuliko watu wengine wanavyopenda watu. Nilijua kuzuia mende kwa majani ya mkaratusi, na kukausha ukurasa ulionyeshewa kwa kuuweka kati ya magazeti bila kuufungua kwa haraka. Kalamu ya wino wa chupa nilipewa na Mzee Barnaba mwenyewe, akasema kalamu za biki ni za kuandikia orodha ya nyanya. Mzazi asiyejua tarehe ya kuzaliwa mtoto sikumkemea. Nilimuuliza mvua ilikuwa imeanza, shule zilikuwa zimefungwa, jirani gani alikuwa mjamzito naye, na kwa njia hiyo tukaikaribia tarehe mpaka mama mwenyewe anacheka na kusema, kumbe ilikuwa Jumanne.

Dalili za kosa zilikuja, nami sikuziona. Alikuja mama mmoja, mwuza sukuma wiki wa karibu na stage ya matatu, akitaka cheti cha kuzaliwa cha binti yake ili afanye mtihani. Alikuwa ameenda na kadi yetu ya ubatizo kwenye ofisi ya serikali, wakamwambia mtoto ni wa Butere, nenda ukaandikishe Butere. Akapanda basi hadi Butere, chifu wa kule akasema hamjui mtoto huyo, hajazaliwa kwake. Akarudi amechoka, amekaa mbele yangu, kadi imekunjika mkononi.

"Madam Conso, huku wanasema wa kule, kule wanasema wa huku. Sasa mtoto wangu alizaliwa angani?"

Nililaumu serikali. Serikali imezoea, haikujali. Nilimwandikia barua, padre akapiga muhuri, binti akafanya mtihani, nikajipongeza. Haikunijia kwamba aliyempandisha yule mama basi bila faida ni mimi.

Mzee Barnaba alizeeka, akanikabidhi ufunguo, na baada ya muda akafariki. Tulimsafirisha Ugenya kama inavyopasa, jumuiya nzima kwenye basi moja, tukiimba usiku kucha. Niliporudi nilifungua kitabu cha marehemu, nikaandika jina lake, na kwenye safu ya mwisho nikaandika: Amezikwa Ugenya. Juu yake palikuwa Malava. Juu ya Malava, Busia. Nilikuwa nimezoea hata sikuona chochote.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya katikati ya wiki, aliingia ofisini kijana nadhifu, koti zuri, simu mbili. Alijitambulisha: Kariuki, mjukuu wa Mzee Gathuru. Mzee alikuwa amekufa zamani, kaburi lake liko nyuma ya ua wa kanisa letu, upande wao. Tulikuwa tumeanza kuomba hatimiliki ya kipande kile, ili tujenge kanisa la mawe na askofu atupandishe kutoka kigango kuwa parokia. Bila hatimiliki hapakuwa na jiwe wala parokia. Tulichokuwa nacho ni karatasi moja ya daftari, mwandiko wa Mzee Gathuru, inasema: nimepeana hii shamba kwa kanisa ya watu wa hapa.

Kariuki hakuja na matusi. Angekuja na matusi ningejua la kufanya, mimi ni dada ya wavulana watano. Alikuja na heshima, akaomba kuona kitabu cha ubatizo. Nikamfungulia kwa fahari, mjinga mimi. Alikuwa amesoma seminari miaka miwili. Aliweka kidole kwenye kichwa cha safu ya nne.

"Madam, hapa panasema alipozaliwa."

"Panasema kwao."

"Hapana. Alipozaliwa. Ni Kilatini." Akashusha kidole polepole. "Butere. Siaya. Vihiga. Mumias. Siaya. Hakuna hata mmoja wa Kawangware. Guka, babu yangu, alipeana shamba kwa watu wa hapa. Kitabu chenu wenyewe kinasema hamko."

Niligeuza ukurasa, nikageuza mwingine, kana kwamba wino ungebadilika. Akaomba kitabu cha marehemu. Sikutaka kumpa, nikampa. Alisoma safu ya mwisho, halafu akakifunga taratibu.

"Mtu ni wa pale anapozikwa, Madam. Nyinyi hapa hamna hata kaburi moja. Siwafukuzi, mkiniuliza. Lakini Shosho akinipa hilo shamba nitajenga flats, na nyinyi mna kwenu. Sisi hatuna kwingine."

Shosho ndiye mjane wa Mzee Gathuru, Shosho Wambui, naye ndiye wa kutia sahihi. Hakuwa akisali kwetu. Alienda Misa ya Kikuyu kanisa la juu, na miguu ilipomshinda akawa hatoki nyumbani sana. Na msidhani ilikuwa jambo dogo la karatasi. Miaka ya uchaguzi Kawangware, mwenye ploti na mpangaji huangaliana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimhesabia mwenzake siku. Neno "si wa hapa" limevunjia watu milango. Na sasa lilikuwa limeandikwa, kwa mwandiko wangu, miaka yote ile.

Nilikaa kwenye kiti nikamkasirikia marehemu Barnaba kwa sauti. Nilimwambia, Mzee, ungeuliza tu padre. Halafu nikalia, maana mimi nami ningeuliza. Padre aliingia akanikuta hivyo. Nilimwambia nimetoa wembe kwenye droo na kwamba nina nguvu ya kukwangua safu nzima, kitabu hadi kitabu. Alisema, "Conso, ukifanya hivyo tutakuwa na shamba na hatutakuwa na kitabu." Wembe nikaurudisha.

Tulimwomba Shosho aje awaone watu mwenyewe kabla ya kuamua. Alikubali, kwa masharti yake: angekaa mlangoni baada ya Misa ya pili, angeuliza swali lake, na mtu asimjibie mwingine. Wiki nzima nilizunguka kwenye jumuiya nikiwafunza watu. "Mkiulizwa, semeni Kawangware. Kama umezaliwa hapa, sema hapa." Ndiyo Madam, ndiyo Madam. Wote walielewa.

Jumapili ikafika. Shosho Wambui alikalishwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, leso kichwani, fimbo katikati ya magoti, Kariuki amesimama nyuma yake. Masikio yalikuwa yamepungua lakini macho yalikuwa makali kama ya mama anayechagua maharagwe. Watu walipanga mstari hadi nje ya lango. Wa kwanza alikuwa Wycliffe, mwalimu wa kwaya, fundi wa viatu, mzaliwa wa Gatina ambaye sidhani alikuwa amelala kwao Butere zaidi ya wiki mbili maishani mwake.

"Wewe unatoka wapi?" Shosho akauliza.

Wycliffe alisimama wima, akavuta pumzi ya kuimbia. "Mimi ni wa Butere, Shosho."

Mstari mzima ukaguna. Wycliffe akashika mdomo. Hakuwa amekusudia; mtu mzima mwenye heshima zake akiulizwa na mzee anatoka wapi, mdomo unajijibu wenyewe. Wa pili akasema Siaya, akaanza kujirekebisha, Shosho akamwambia apite. Wa tatu alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, ambaye basi la Vihiga hajawahi kulipanda, akasema kwa sauti ya shairi, "Sisi ni wa Vihiga." Kariuki hakucheka. Aliangalia chini tu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kucheka.

Nilitamani ardhi inimeze, hata kama si yetu. Niliwaona wote wakisogea kwenye mstari ule, kila mmoja na kijiji chake mdomoni, na nikajua tukifika mwisho hatutakuwa na kanisa. Na hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea miaka yote. Watu hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wakijibu swali, na swali lilikuwa langu.

Masharti yalikuwa mtu asimjibie mwingine. Hayakusema mtu asimfundishe Shosho kuuliza. Nilipiga magoti kando ya kiti, nikamwambia sikioni kwa nguvu.

"Shosho, usiwaulize wanatoka wapi. Waulize nani aliwazalisha."

Aligeuka akaniangalia kana kwamba nimemuuliza umri wake. Kisha akamwita Wycliffe kwa fimbo arudi.

"Wewe. Nani alikuzalisha?"

"Mama Sabina, Shosho."

"Sabina gani?"

"Yule mkunga. Alikuwa anakaa ile ploti ya mlango wa kijani, chini karibu na mto."

"Hiyo ploti ni yangu," Shosho akasema. Alimvuta Wycliffe kwa mkono mpaka akainama, akamkagua uso. "Kuna mmoja alitoka na miguu. Asubuhi yote, mama yake anaita majina ya watu wote wa kwao. Ni wewe?"

"Naambiwa ni mimi, Shosho."

"Ulitusumbua sana wewe. Maji nilikuwa nachemsha mimi. Sabina hakuwa na jiko kubwa."

Sijui nieleze vipi sauti iliyotoka kwenye ule mstari. Haikuwa kelele, ilikuwa kama watu wote wameshusha mizigo pamoja. Mwanamke wa nyuma akasema, "Hata mimi ni wa Mama Sabina, Shosho." Mwingine akasema yeye na ndugu zake wanne. Yule wa Siaya akarudi mbio, naye ni wa Sabina. Mama wa yule mtoto wa Vihiga akasukuma mbele tumbo lake mwenyewe, maana alikuwa mjamzito tena, akasema yeye alizaliwa mlango wa kijani, na mtoto huyu alizaliwa zahanati ya hapo juu, na huyu wa ndani atazaliwa hapohapo Mungu akipenda. Shosho alikuwa ameacha kuuliza. Alikuwa akisimulia. Huyu alizaliwa siku ya mvua ya mawe. Huyu mama yake alikataa kulala kitandani. Na wale pacha, wako hapa? Pacha wakasogezwa mbele, wanaume wawili wa mjengo wenye mikono kama koleo, wakasimama kama watoto wa shule.

Kariuki alijikaza. "Shosho, ni sawa, wamezaliwa hapa. Lakini wakifa wanaenda kwao wote. Hawazikani hapa."

"Wakifa wataenda. Nimekuuliza kuhusu kufa?" Akageuza shingo kumtazama. "Na wewe ulizaliwa wapi, Kariuki?"

Kijana akakohoa. "Nyeri, Shosho. Kwa kina mama yangu."

"Eeh. Nyeri. Hata maji yako sikuchemsha. Hebu nyamaza kidogo."

Watu walicheka mpaka Wycliffe akakaa chini. Nami nilicheka, machozi yakinitoka, na sioni haya kuyaandika: katika miaka yangu yote ya kazi, ile ndiyo siku niliyojiona mrefu kama Mzee Barnaba. Kariuki naye mwishowe akacheka, nusu, kama mtu aliyeumwa na mdudu mdogo. Wiki iliyofuata Shosho alitia kidole gumba mbele ya wakili. Wakili aliuliza shamba linapewa nani, akajibu, "Watu wa hapa. Hao wa maji."

Mambo yalienda mbio baada ya hapo. Hatimiliki ilipotoka ilisomwa kwenye Misa kama somo la tatu. Mawe yaliletwa kutoka Ndarugo, na mafundi hatukuwatafuta mbali, maana nusu ya waumini ndiyo kazi yao. Wale pacha walijenga ukuta wa altare bila kumruhusu mtu mwingine kugusa mwiko. Askofu akaja, akatupandisha kuwa parokia, akasema kwa utani hajawahi kuona parokia inayopiga vigelegele kwa lugha nne. Mvua ilinyesha siku hiyo juu ya paa jipya, na padre akaendelea kuhubiri.

Nami nilirudi kwenye kabati. Niliomba ruhusa jimboni, nikapewa, nikaanza kazi ndefu kuliko zote. Nilitangaza baada ya Misa kwamba kila mtu aje ofisini, na sikumuuliza mtu anatoka wapi. Niliuliza nani alikushika, mlango gani, jirani alikuwa nani. Kisha kwenye ukingo, kando ya Butere, nikaandika kwa wino uleule: Alizaliwa Kawangware. Kando ya Siaya: Alizaliwa Kawangware. Wengine walizaliwa Kibera, nikaandika Kianda, Makina, Ayany, kadiri walivyojibu. Tarehe, jina langu. Nimeyaandika majina yangu kwenye kingo zile mara nyingi hata mkono ukapata uvimbe, na daktari akaniuliza mimi ni fundi wa nini. Butere sikuifuta, na hakuna aliyeniomba niifute. Ipo mstarini, na Kawangware ipo pembeni yake, na mtu anaweza kuwa wa pote pawili kama ana karani mwenye subira.

Nilikuwa nimebakisha mwezi mmoja kustaafu Kariuki alipoingia tena ofisini. Safari hii hakuwa na koti. Shosho Wambui alikuwa amefariki asubuhi hiyo, usingizini, kwake. Nilisimama kumpa pole, akaniashiria nikae, akasema kuna jambo. Shosho alikuwa ameacha neno. Hataki kulazwa upande wao wa ua. Anataka upande wetu, kwenye uwanja wa kanisa, palepale ua unapopita, ili Mzee awe upande ule na yeye upande huu.

"Nilimwambia Shosho, hiyo ni shamba ya kanisa sasa," Kariuki akasema. "Akaniambia, ndiyo maana. Akasema mimi ndiye niliyesema hamna kaburi hapa. Sasa mtakuwa na moja."

Alisema hivyo akiangalia sakafu. Nilimshika mkono tu, tukakaa.

Vibali vilichukua siku kadhaa, maana jiji halipendi makaburi mapya, lakini vilipatikana. Kaburi lilichimbwa na watu wetu. Wycliffe alianza, pacha wakampokea, na ilipofika zamu yake Kariuki akavua viatu, akaingia shimoni na jembe pamoja nao. Wengi wa wale wanaume walikuwa hawajawahi kuchimba kaburi Nairobi. Walijua udongo wa magharibi, wakashangaa huu wetu ulivyo mwekundu na laini. Kwaya iliimba Kikuyu, vibaya, kwa moyo wote.

Watu walipokwisha kutawanyika nilifungua kitabu cha marehemu. Brenda alikuwa ameshaanza kazi, nikampa kalamu ya Mzee Barnaba aandike mwenyewe. Aliandika jina, umri, tarehe. Kwenye safu ya mwisho akasimama.

"Niweke nini hapa, Madam? Kawangware? Ama niandike namba ya ploti?"

Niliangalia safu ile juu hadi chini. Ugenya, Malava, Busia, Butere, wote tuliowasindikiza wakatuacha na kurudi kwa mababu zao.

"Andika hapa," nikamwambia.

"Hapa tu? Atakayesoma atajuaje hapa ni wapi?"

"Atakuwa ameshika kitabu, Brenda. Atakuwa hapa."

Akaandika, bila mikia: Amezikwa hapa.